Jeti Yenye Alama Tatu

Mimi pua yangu ndiyo iliyonilisha. Shule niliiacha darasa la tatu, na kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kidole kufuata mstari. Lakini niletee gari la zamani, la kabureta, si haya ya siku hizi yanayopimwa kwa kompyuta, liwashe, nitasimama nyuma yake na kukwambia ugonjwa wake kabla hujainua boneti. Moshi wa buluu, linakula oili. Moshi mweupe usioisha, maji yameingia yasipotakiwa. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi, hilo linashibishwa petroli na kunyimwa hewa. Kwa pua hiyo nilijenga nyumba ya mawe na kusomesha watoto wanne. Sijisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Kazi nilifundishwa na fundi mmoja Sikh, sasa ni marehemu, katika yadi iliyokuwa nyuma ya maduka ya spea katikati ya jiji. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikugonga vidole kwa spana, si kwa nguvu, kiasi cha kukumbuka. Kila kitu alichokirekebisha ndani ya injini alikipiga nukta moja, ili akikutana nacho tena ajue ni mkono wake. Sisi tuliokuwa chini yake tulikatazwa kugusa penye nukta. Ukiiona, unamwita. Hata kama kosa unaliona kwa macho yako mawili, unaweka chini bisibisi na kumwita.

Nilipofungua yadi yangu Kangemi, chini ya mabati sita, sheria hiyo niliibeba pamoja na spana. Alama yangu ikawa mikwaruzo mitatu ya tupa, midogo, iliyopangana. Kila mwanafunzi niliyempokea nilimwonyesha alama hiyo siku ya kwanza, kabla sijamwonyesha bomba la kunawa mikono. Nilimwambia, "Ukikuta hii, mimi ndiye wa kuigusa. Niite."

Naeleza hili mapema kwa sababu aibu yangu yote imo humo ndani.

Sasa jeti. Jeti ni kipande cha shaba ya manjano, kidogo kama punje ya mahindi, kinachokaa ndani ya kabureta. Katikati kina tundu jembamba kiasi kwamba ukikielekeza juani unaona nukta tu ya mwanga. Petroli inayokwenda kwenye injini hupita hapo. Kiwandani tundu hilo lilipimwa na watu waliosoma. Ukilipanua kwa unene wa unywele, gari linapata petroli zaidi ya linavyohitaji. Na mimi nililipanua. Kuna miaka ambayo petroli ya mjini ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, magari yakawa yanakohoa milimani, na wateja wakaja kwangu wakilia nguvu. Nilikuwa na sindano ya cherehani niliyoinoa pembe. Ninaizungusha ndani ya jeti mara tano, mara sita, napuliza, naweka alama zangu tatu, narudisha. Gari linatoka yadini likiruka. Moshi kidogo nyuma, ndiyo, lakini tulikuwa tukisema gari lisilo na moshi halijala.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mhindi mwenye duka la saa mjini, mkazi wa Kitisuru. Alikuwa na Peugeot 504 nyeupe aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Kila wiki mbili alikwenda Nakuru kuuza saa kwa wenye maduka, na wakati wa kurudi gari lilichoka kwenye ule mlima wa kutoka bondeni. Nikampanulia jeti. Aliporudi safari iliyofuata alinijia mwenyewe Kangemi, akavua saa mkononi mwake, akanivalisha. "Fundi," alisema, "leo nimepita malori yote." Saa hiyo ninayo. Nimeivaa ninaposimulia haya.

Mwanafunzi wangu ninayetaka kumzungumzia alinijia kutoka upande wa Kakamega akiwa mtu mzima tayari, ana mke na mtoto. Alikaa kwangu miaka kumi na mmoja. Mikono mizuri, mpole, haendi kunywa. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera: jioni alikwenda chuo kusoma umakanika wa vitabuni. Asubuhi anarudi na maneno. Siku moja, mbele ya wenzake, aliniambia, "Mwalimu, huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Gari lililopimwa kwa hewa ya pwani likiletwa Nairobi, tayari lina petroli ya ziada. Sisi tungekuwa tunapunguza jeti, si kuongeza."

Wote wananitazama mimi. Nikaokota tyubu ya baiskeli iliyojaa upepo, nikamrushia.

"Haya, hewa hiyo hapo. Mpelekee yule mama wa nyanya aipime kilo ngapi, kisha uje unifundishe."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye pia alitabasamu kidogo, akaitundika tyubu mahali pake, akarudi kazini. Hakulisema tena neno hilo.

Alipoondoka kwangu kwenda kujitegemea aliniaga kwa heshima. Alikuja na mke wake na kilo mbili za sukari. Sukari niliipokea. Mkono sikumpa. Nilikuwa nimesikia kwamba wateja wangu watatu wanampigia simu yeye, na nikaanza kusema kila nilipoketi kwamba nilifuga nyoka. Ukweli ni kwamba wateja walimfuata kwa sababu alishika simu, na akisema Jumanne gari lilikuwa tayari Jumanne. Lakini huo ukweli nausema leo. Wakati ule nilikuwa na nyoka wangu, nikawa napenda kumsimulia.

Miaka ikapita. Mwenye saa akafa. Gari lake likakaa kwenye matofali muda mrefu. Mwaka huu uliopita, asubuhi moja, simu yangu ikalia, sauti ya mama mzee.

"Wewe ndiye fundi ya mzee yangu? Ya Peugeot? Nimepata namba kwa kitabu yake."

Nikasema ndiye.

"Hiyo gari inatoa moshi kama jiko ya makaa. Juzi nimeenda kliniki Upper Hill, askari ya geti amefunika pua. Watoto wako nje, wanasema uza kwa chuma. Mimi siuzi gari ya mzee. Wewe kuja."

Siwezi kuficha nilivyojisikia. Nilinyoa ndevu. Nilivaa ovaroli safi. Nilipita karibu na wale jirani zangu wa yadi nikiwa nimebeba sanduku langu la spana, nikawaambia bila kuulizwa, "Naitwa Kitisuru. Wameshindwa huko."

Nilipoingia getini, mtu wa kwanza niliyemwona amesimama kando ya lile gari ni yeye. Mwanafunzi wangu. Ndiye aliyelitoa kwenye matofali, na kwa miaka mitatu ndiye aliyelitunza na kumwendesha yule mama hekaluni na kliniki. Alikuwa na mvi sasa. Alivua kofia.

"Karibu, mwalimu. Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri," nikasema, macho yangu yako kwenye boneti.

Mama alitoka akakaa kwenye kiti cha mbao ya mtondoo kibarazani, fimbo magotini. Nikamwambia mwanafunzi wangu awashe. Likawaka kwa shida, likatetemeka, likatoa wingu jeusi lililotambaa juu ya maua yake. Pua yangu ikaniambia kabla sijafika nyuma. Nikazima. Nikatoa plagi moja, nyeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Nikaipangusa kwa kitambaa cheupe, nikampelekea mama kitambaa kama daktari anayepeleka picha.

"Mama, nani amekuwa akishika kabureta hii?"

"Huyu tu. Hakuna mwingine."

Nataka nieleze vizuri ilivyokuwa kichwani mwangu hapo. Sikuwa najua kosa liko wapi. Nilijua ugonjwa, sikujua chanzo. Fundi anayejiheshimu hapo hufungua, hutazama, ndipo husema. Nimewagonga wanafunzi vidole kwa kusema kabla ya kufungua. Lakini yeye alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, kwenye nyumba ya mteja wangu, kando ya gari nililolijua kabla yake, na mimi nilikuwa nimesubiri miaka minane.

Nikasema, "Basi huyu anakuulia injini, mama. Petroli inashuka mpaka kwenye oili. Hii si kazi ya fundi. Hii ni kazi ya mtu aliyesoma vitabu akasahau gari."

Mama akamgeukia. "Ni kweli?"

Hakumjibu yeye. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, fungua kwanza."

"Unanifundisha?"

"Hapana. Naomba tu ufungue kwanza."

"Mimi sifungui ndipo ninuse," nikasema. "Hata kipofu angejua."

Mama aligonga fimbo yake mara moja sakafuni. "Miaka tatu nimekuamini. Kila mwezi naambiwa nimesafisha, nimebadilisha, na moshi ni ile ile. Lete ufunguo. Kesho usikuje."

Mwanafunzi wangu alifikiri labda ningesema neno. Aliningoja, nakumbuka, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti, lakini kwanza alitandika kitambaa chake chini yake ili usikwaruze rangi. Akavaa kofia. Akatoka.

Ndipo nikafungua.

Kichujio cha hewa kilikuwa kipya. Waya wa choki, kile kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi, ulikuwa umepimwa vizuri, unafunga na kufungua mpaka mwisho. Sindano inayozuia petroli kwenye bakuli ilikuwa mpya, floti, lile boya la humo bakulini, imeshushwa kidogo, kwa hesabu, kama mtu anayejaribu kupunguza petroli kwa njia ya nyuma. Kila skrubu ilikuwa safi, haina kovu la bisibisi. Nilikuwa nikitafuta uchafu wake na nilikuwa nakuta kazi yangu, nilivyomfundisha, ila safi zaidi. Mtu aliyefanya haya yote alikuwa amelizunguka kosa pande zote bila kuligusa.

Nikatoa jeti. Macho yangu siku hizi si ya kuona vitu vidogo, na miwani siipendi. Ni ukucha ulioniambia. Nilipouzungusha kwenye kichwa cha jeti, ukakwama mara tatu, kwenye mikwaruzo midogo, iliyopangana.

Nilisimama pale nimeshika punje ile ya shaba, na simu moja niliyoisahau ikanirudia. Miezi minane au tisa nyuma, nikiwa nala chakula cha mchana, yeye alikuwa amenipigia. Alisema, "Mwalimu, samahani, kuna kitu yako nimeikuta kwa gari fulani huku. Naomba ruhusa niiguse." Sikumwuliza gari gani. Nilimwambia, "Kitu yangu ukiigusa mkono utakauka," nikakata simu, nikawageukia niliokuwa nala nao, tukacheka.

Kwa hiyo alikuwa ameona. Alikuwa ameiona alama, akarudisha jeti mahali pake, akaomba ruhusa, akanyimwa, na kwa miezi yote hiyo akawa anapambana na moshi wangu kwa kushusha floti na kubadilisha vichujio, kila mwezi akisimama mbele ya yule mama kama mwongo. Marehemu mwenye saa alikuwa akilikimbiza gari Nakuru na kurudi, na mbio zile zilichoma lile tope jeusi linaloachwa na petroli ya ziada. Mama anaendeshwa hekaluni polepole, kama gari linatembea kwa miguu. Hakuna cha kulichoma.

Sasa nisikilizeni nilichofanya. Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Mwanafunzi wangu hakuwa amefika mbali. Nilikuwa na mdomo. Nilitazama kibarazani, nikaiweka jeti mfukoni mwa shati, nikachukua nyingine kwenye kopo langu, iliyotoka kwenye gari jingine la aina ile lililokwisha kufa, jeti ambayo haikuwahi kupanuliwa. Nikaifunga. Nikarudisha floti mahali pake, nikasafisha plagi, nikamwaga oili ile iliyonuka petroli na kumtuma askari anayelinda geti la nyumba ile dukani akalete mpya. Nikawasha.

Likanguruma laini, kama paka aliyeshiba. Nyuma hakuna kitu, hewa tu inayocheza.

"Ona sasa," mama alisema, na machozi yakamlenga. "Hiyo ndiyo sauti ya zamani." Akaagiza chai. Ililetwa na maziwa mengi na tangawizi, na sahani ya chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya pilipili, nami nikakaa kibarazani kwa mwanamke huyo, saa ya mumewe mkononi mwangu, nikanywa. Akaniambia yule mtu alikuwa akimdanganya mwezi baada ya mwezi. Nilisema, "Vijana wa siku hizi, mama." Kijana mwenyewe ana mvi. Nikachota chevda nyingine.

Wiki ya kwanza nilijiambia kwamba angeweza kupiga simu mara ya pili. Wiki ya pili nilijiambia kwamba mtu aliyesoma chuo hawezi kukosa kazi. Jeti nilikuwa nayo mfukoni, naihamisha kutoka shati hadi shati, sijui kwa nini. Mke wangu aliikuta akifua, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kazi.

Wiki ya tatu nilikwenda mjini kutafuta gaskiti. Mwenye duka la spea, ambaye tumejuana tangu wote tuna nywele nyeusi, alinipokea kwa kicheko.

"Mzee, nasikia umemaliza nyoka wako."

"Nani amesema?"

"Nani hajasema? Yule mama ameambia hekalu nzima. Mwenye Volvo ya Loresho amemwondoa, mwenye Mercedes ya kijani amemwondoa. Alikuwa hapa juzi kurudisha spea alizokuwa ameagiza. Hakusema kitu. Nikamwambia pole, akasema ni kawaida." Akanisukumia gaskiti. "Kwani alifanya nini hasa? Aliharibu kabureta?"

Hapo ndipo ningeweza kusema pia. Nilisema, "Nifungie kwenye karatasi."

Sikurudi yadini. Nilisimama kwenye kona ya barabara ile watu wakinipita na mizigo, nikajaribu kukumbuka mara moja tu ambapo yeye alimsema mtu vibaya, hata mteja mbaya, hata mimi. Sikuipata. Nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta Kawangware, kwenye kibanda cha rafiki yake anayetengeneza pikipiki. Alikuwa amechuchumaa anakaza mnyororo. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono, akanitafutia dumu la kukalia. Mpaka hapo bado aliniita mwalimu.

Sikuketi. Nilitoa jeti, nikaiweka kwenye kiganja chake.

Aliigeuza mara moja. "Ndiyo hii," alisema.

"Ulijua."

"Niliiona mwaka wa kwanza. Nilidhani moshi utapungua nikirekebisha vingine. Ilipokataa nikakupigia."

"Mbona hukusema siku ile, mbele ya mama?"

Rafiki yake alikuwa amejifanya anatafuta spana, lakini masikio yake yote yalikuwa kwetu.

"Ningesema nini? Kwamba mwalimu wangu ndiye aliyeharibu? Mzee wa watu umetoka Kangemi umenyoa ndevu. Nilikwambia fungua kwanza. Nilijua ukifungua utaona, na ukiona utasema mwenyewe."



"Sikwenda mbali siku ile," aliendelea, bila hasira, na ningeona afadhali angekuwa nayo. "Nilikaa nje ya geti, pale kwa muuza maua. Nikasikia ukiwasha. Nikajua umeitoa, ile sauti haidanganyi. Nikasema, sasa ataniita. Nikangoja. Askari akanipita akienda dukani kuleta oili, akarudi. Baadaye nikasikia vikombe."

Alinirudishia jeti. Hakunitupia, alinirudishia kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kumrudishia mtu kitu chake.

Nimepigwa na maisha, nimelala njaa, nimewahi kuzabwa kofi na askari mbele ya watoto wangu. Hakuna lililonishusha kama vile vikombe.

Siku iliyofuata nilikwenda Kitisuru bila sanduku la spana na bila kuitwa. Nilikuwa nimemwomba mwanafunzi wangu aje nami, akakataa. "Hilo ni lako," alisema. Mama alikuwa kibarazani, akafurahi kuniona, akaanza kuagiza chai. Nikamwambia asiagize. Nilibaki nimesimama chini ya ngazi. Nikamwambia yote, kutoka mlima wa Nakuru mpaka mfuko wa shati. Nilisema vibaya, nilirudia maneno, niliwahi hata kusema petroli ya zamani ndiyo iliyonilazimisha, kisha nikajisikia nikisema hivyo nikaacha. Jeti niliiweka kwenye mkono wa kiti chake. Nikavua na saa, nikaiweka kando ya jeti.

Alivaa miwani. Aliiangalia jeti muda mrefu, mke wa mtu wa saa, amezoea kutazama vitu vidogo. Akapitisha ukucha.

"Hii ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Siku ile unajua tayari?"

"Nilijua."

"Na umekunywa chai yangu."

"Nilikunywa."

Hakupaza sauti. Aliisukuma saa nyuma kwangu kwa kidole kimoja. "Hiyo mzee alikupa. Mimi siwezi kurudisha zawadi ya mtu amekufa. Vaa." Kisha akaniomba namba ya mwanafunzi wangu, kwa maana ile aliyokuwa nayo alikuwa ameifuta. Nilimsomea tarakimu moja moja. Alipoanza kuongea naye aliinuka na simu yake akaingia ndani, na hakutoka tena. Baada ya muda askari wa geti alikuja akaniambia kwa upole, "Mzee, nikufungulie?"

Mwanafunzi wangu alirudi kumfanyia mama kazi, lakini si siku ile wala wiki ile. Nasikia alimwambia mama kwanza awapigie wale wote wa hekaluni aliowaambia, mmoja mmoja, na mama akapiga. Volvo imerudi. Mercedes haikurudi, mwenyewe alishapata mtu. Mimi nilipita kwenye maduka ya spea, nikasimama mbele ya kaunta ya rafiki yangu na wateja wake wote, nikasema aliyeharibu kabureta ile ni mimi. Alicheka akidhani natania. Nikarudia mpaka akaacha kucheka.

Wanafunzi niliobaki nao niliwakusanya nikawaambia ile sheria ya alama imekufa. Mkiona kosa, rekebisheni, hata kama ni mkono wa Mungu. Walinitazama kama mtu anayeumwa. Wiki moja baadaye nilimkuta mmoja ameacha kazi katikati, ananingoja nirudi kutoka chooni, kwa sababu amekuta mikwaruzo mitatu. Sheria kuiweka ni rahisi kuliko kuiondoa.

Na yeye sasa hunipigia simu. Magari ya zamani ya upande ule mengi yanapita mikononi mwake, na mengi niliyafungua mimi enzi za ile sindano. Haombi ruhusa. Simu inalia, nashika haraka siku hizi, na yeye anasema, "Mzee, habari. Ile Datsun ya Spring Valley. Nimekuta yako. Nimeziba tundu kwa risasi ya kulehemu, nimetoboa upya, ndogo."

Haniiti mwalimu. Ni mzee tu, kama anavyomwita yeyote aliyemtangulia kuzaliwa.

"Lilikuwa linatoa moshi?" namwuliza.

"Lilikuwa."

"Sasa?"

"Sasa liko safi."

Namwambia sawa, asante. Amekwisha kunipigia mara saba. Kila mara namwuliza kama lilikuwa linatoa moshi, ingawa nalijua jibu, na kila mara ananingoja nimalize kuuliza.